TAHARIRI: TUHESABU KABLA YA KUTIA SAHIHI



Mwezi huu hatuandiki juu ya nyongeza ya mshahara. Tunaandika juu ya mahali mshahara unapokwenda baada ya kutufikia. Chama hupigana mwaka mzima ili shilingi iongezwe. Lakini shilingi iliyopatikana kwa umoja wa wengi ikivuja polepole katika mfuko wa kila mmoja, kazi yetu yote huwa ni kuteka maji kwa pakacha.

Tundu tunalotaka kulionyesha leo ni gharama ya simu, intaneti na televisheni nyumbani. Zamani mtu angesema hizi ni anasa za wakubwa. Leo sivyo. Baba yuko kazini Sagana au Nanyuki, na mama yuko nyumbani Kangari na watoto na michai. Karo hulipwa kwa simu. Mwalimu hutuma habari za mtoto kwa simu. Mzee akiugua usiku, gari huitwa kwa simu. Mtoto wa sekondari hupewa kazi ya kutafuta katika intaneti. Nyumba isiyo na mawasiliano imebaki nyuma, na wenye kuuza mawasiliano wanajua hivyo. Kitu ambacho mtu hawezi kukikosa ndicho ambacho ni rahisi kumtoza zaidi.

Sisi watu wa reli si wageni wa mambo haya. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, waya wa simu ulifuatana nayo. Baadaye simu za nchi zikawa chini ya shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, na jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 zikawa za shirika la Kenya peke yake. Wazee wetu wanakumbuka enzi hizo: mtu aliomba laini ya nyumbani akangoja miaka. Mwaka 1999 shirika hilo likagawanywa, simu zikaenda Telkom Kenya na barua zikaenda kwa Posta. Kisha simu ya mkononi ikaja, na mwaka 2009 nyaya kubwa za chini ya bahari zikafika Mombasa, kwanza SEACOM na TEAMS, na intaneti ikaacha kutegemea setilaiti za bei kali. Leo hatungoji tena. Shida yetu imegeuka: wauzaji ni wengi, majina ya vifurushi ni mengi, na mtu huchagua kwa kusikia tangazo.

Basi tukae chini tuhesabu. Sisi tuliosoma shule za misheni tulifundishwa habari ya yule mtu aliyeanza kujenga mnara bila kuhesabu gharama, akachekwa na majirani. Siku hizi minara ni ya simu, nasi ndio tunaochekwa.

HESABU YA NYUMBA MOJA

Tuchukue mfano. Si hesabu ya mtu fulani, bali kila msomaji aweke tarakimu zake mwenyewe. Baba hununua bando la Sh. 50/- kila siku. Mama hununua la Sh. 30/-. Kijana mkubwa hununua la Sh. 20/-. Hiyo ni Sh. 100/- kwa siku, nayo haimtishi mtu, kwa maana hutoka kidogo kidogo. Lakini kwa siku 30 ni Sh. 3,000/-. Ongeza televisheni ya kulipia ya Sh. 1,000/- kwa mwezi. Jumla ni Sh. 4,000/- kwa mwezi, na kwa mwaka ni Sh. 48,000/-.

Ndugu msomaji, ni wangapi kati yetu wangekubali kutia sahihi karatasi ya deni la Sh. 48,000/-? Hakuna. Hata hivyo wengi hulilipa deni hilo kila mwaka bila kuliona, kwa sababu linalipwa kwa noti ya hamsini.

Hapo bado hatujahesabu mkopo wa salio. Katika huduma ya Okoa Jahazi ya Safaricom, ada ni kumi kwa mia. Ukikopa Sh. 50/- unapata 45/- na unalipa 50/-. Anayefanya hivyo kila siku hutoa Sh. 1,825/- kwa mwaka, na kwa fedha hizo hakununua kitu isipokuwa subira aliyokosa. Benki ingemtoza mtu kumi kwa mia kwa deni la siku chache tungeita mkutano wa hadhara.

Hii ndiyo kanuni ya kwanza tunayotaka ikumbukwe: anayenunua kidogo kidogo ndiye anayelipa zaidi. Ni kama mafuta ya kupimiwa kwa kijiko dukani. Mwenye debe hulipa bei moja, na mwenye kijiko hulipa nyingine, ingawa mafuta ni yale yale.

SALIO LA KAZI SI SALIO LA NYUMBANI

Kabla ya kuchagua kampuni yoyote, toa kwanza katika hesabu yako kile ambacho si cha nyumbani. Siku hizi katika sehemu nyingi za kazi mfanyakazi hutakiwa kupiga picha ya kazi na kuituma katika kundi la WhatsApp, kupokea zamu yake kwa simu, na kumjibu msimamizi hata akiwa likizo. Simu ni yake na bando ni lake. Hakuna mwajiri anayemwambia fundi aje na nyundo ya kununua mwenyewe, lakini bando limepita kimya kimya mlangoni.

Tunasema hivi: kila mwanachama aandike kwa mwezi mmoja ni shilingi ngapi za salio zilizokwenda kwa kazi. Asikadirie, aandike. Karatasi hizo zikikusanywa, wajumbe wetu watakuwa na jambo la kuweka mezani wakati wa mazungumzo ya mkataba wa pamoja. Bila karatasi, tutaambiwa ni maneno ya chai.

TELEVISHENI

Kwa televisheni tunaanza na jambo ambalo wengi wamelisahau: stesheni kubwa za Kenya hutazamwa bure. Mwaka 2015 mitambo ya zamani ilizimwa na nchi ikaingia katika mfumo wa dijitali. Kukawa na kesi hadi Mahakama ya Juu, na kwa siku kadhaa stesheni za nyumba kubwa za habari hazikuonekana. Katika vurugu ile watu wengi walinunua king'amuzi cha kwanza walichokikuta dukani, na wengine wakadhani tangu hapo televisheni ni ya kulipiwa kila mwezi. Si kweli. King'amuzi cha stesheni za bure hununuliwa mara moja, kikawekwa antena, basi. Habari, mahubiri ya Jumapili, vipindi vya Kiswahili na vya Kikuyu vimo humo.

Anayependa mpira wa Uingereza na filamu ana haki ya kulipia. Hatumkatazi. Lakini ajiulize kama nyumba nzima hutazama stesheni zote anazolipia, au ni yeye peke yake Jumamosi mbili kwa mwezi. Kama ni Jumamosi mbili, alipie mwezi anaouhitaji na kuacha mwingine. Na kabla ya kununua king'amuzi cha kampuni ya kulipia amwulize muuzaji mbele ya shahidi: nisipolipa, stesheni za bure zitaendelea kuonekana?

Huku kwetu kuna jambo jingine. Kangari na vijiji vyake vimekaa juu ya migongo ya milima na ndani ya mabonde chini ya Nyandarua. Mawimbi ya televisheni hayapindi kona. Nyumba ya mgongoni huona vizuri, na ya bondeni huona chenga. Usimwamini mwenye duka aliye mjini Murang'a au Thika. Nenda kwa jirani aliye upande wako wa bonde ukatazame televisheni yake kwanza.

INTANETI YA NYUMBANI

Njia za kuleta intaneti nyumbani ni tatu. Ya kwanza ni faiba, yaani waya wa kioo unaofika hadi ukutani. Ya pili ni kisanduku kinachonasa mawimbi ya mnara, kama simu inavyofanya. Ya tatu ni dishi la setilaiti, kama lile la Starlink iliyoanza kuuza Kenya mwezi wa Julai 2023.

Penye faiba, mara nyingi hiyo ndiyo iliyo imara. Lakini waya kupita barabarani hakuna maana kwamba umefika mlangoni kwako. Uliza kama nyumba yako imo, na kama nguzo za ziada ni kwa gharama yako. Kisanduku cha mnara ni kizuri kama mnara uko karibu na hauna watu wengi. Jioni kila mtu anaporudi nyumbani kinaweza kuchoka, basi ukijaribu, jaribu saa mbili usiku, usijaribu saa nne asubuhi. Setilaiti hufika hata pasipo na mnara, lakini dishi lataka kuona mbingu wazi. Penye miti mirefu karibu na nyumba litakatika-katika. Nayo pia ina kiasi chake: mwishoni mwa 2024 Starlink ilisimamisha kwa muda kuandikisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani, kwa sababu nafasi ilijaa.

Zote tatu hutaka umeme. Mvua kubwa ya huku ikikata umeme, kisanduku hulala. Mwenye kazi ya kuitwa usiku asiache simu yake bila salio kwa kuitegemea waifai ya nyumbani.

Sasa juu ya kasi. Matangazo husema megabiti kwa sekunde. Wengi hudhani megabiti ni sawa na megabaiti zile za bando. Sivyo: megabiti nane ndizo megabaiti moja. Kasi ya megabiti 15 huleta chini ya megabaiti mbili kwa sekunde. Usicheke, hiyo yatosha nyumba ya kawaida. Filamu ya picha ya kawaida hula karibu gigabaiti moja kwa saa, na ya picha kali hula hadi gigabaiti tatu. Kwa hiyo nyumba yenye vijana watatu wa kutazama video itamaliza bando la gigabaiti 50 kabla ya mwezi kufika nusu, na nyumba ya wazee wawili wanaosoma habari na kuzungumza na wajukuu haitalimaliza kabisa. Hakuna kifurushi kilicho kizuri kwa kila mtu. Kipimo ni nyumba yako.

TURUDI KWENYE HESABU

Mwezi wa Septemba 2024 Safaricom iliongeza kasi ya faiba yake ya nyumbani ya Sh. 2,999/- kwa mwezi, kutoka megabiti 10 hadi 15, bila kupandisha bei. Tutumie bei hiyo kwa mfano, na kila mtu aangalie bei ya siku anayonunua.

Kwa mwaka ni Sh. 35,988/-. Nyumba ile yetu ya mfano iache televisheni ya kulipia, itumie king'amuzi cha bure. Lakini baba akiwa njiani bado atataka salio, na mama pia akienda kituo cha kupimia chai. Tuwape Sh. 30/- kwa siku wote wawili, yaani Sh. 10,800/- kwa mwaka. Jumla ni Sh. 46,788/-. Zamani walilipa Sh. 48,000/-. Wameokoa Sh. 1,212/- tu, nayo huenda isitoshe hata kununua king'amuzi.

Tunaiandika hesabu hiyo waziwazi kwa sababu muuzaji hataiandika. Atakuambia umeokoa sana. Umepata intaneti nyingi zaidi, ni kweli, lakini mfuko haukupona.

Sasa tazameni. Katika boma moja kuna nyumba mbili, ya mtu na ya ndugu yake, hatua chache. Wakitumia laini moja na kugawana gharama, kila nyumba hulipa Sh. 17,994/- kwa faiba na Sh. 10,800/- kwa salio. Jumla ni Sh. 28,794/-. Hapo kila nyumba imeokoa Sh. 19,206/- kwa mwaka. Kampuni ni ile ile, waya ni ule ule, na bei ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba watu wawili wamenunua pamoja.

Ndugu, hilo ndilo somo lote la chama cha wafanyakazi, limeandikwa kwa tarakimu.

Lakini tuonyane. Kushirikiana katika boma si sawa na kuuzia kijiji. Soma mkataba, kwa maana mingi hukataza kuuza tena, na kuuza intaneti kwa umma kwataka leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Wenye kutaka kufanya jambo kubwa zaidi, njia ya sheria ipo: mwaka 2021 Mamlaka iliweka utaratibu wa leseni kwa mitandao ya jamii. Kibera, Nairobi, upo mtandao wa namna hiyo uitwao TunapandaNET. Na hapa kwetu, kwenye mwisho wa reli Nanyuki, mwaka 2013 ulianza mradi wa Mawingu uliotumia masafa ya televisheni yaliyokaa bure na umeme wa jua kupeleka intaneti mashambani, hata Shule ya Sekondari ya Gakawa. Baadaye Mawingu ikawa kampuni ya kuuza intaneti katika kaunti nyingi. Kwa hiyo asitokee mtu akasema mambo haya ni ya mjini tu.

MASWALI YA KUULIZA DUKANI

Mwanachama akate kipande hiki aende nacho.

1. Bei hii ni ya miezi mingapi, na baada ya hapo ni ngapi?
2. Kodi imo ndani ya bei? (Sheria ya Fedha ya 2023 ilishusha ushuru wa simu na intaneti kutoka 20 kwa mia hadi 15 kwa mia, na juu yake iko VAT.)
3. Kisanduku au dishi ni langu, au ni la kukodi? Nikiondoka nalirudisha kwa nani?
4. Kufungiwa ni bei gani, na fundi akirudi kutengeneza ni bei gani?
5. Kuna kiasi ambacho nikikipita kasi inapunguzwa?
6. Bando hili linakufa lini? (Tangu mwaka 2019 Safaricom huuza pia bando lisilo na mwisho wa muda, baada ya wateja kulalamika hadi kortini. Linganisha bei ya kila megabaiti.)
7. Nikihamishwa kituo, naweza kuhamisha laini au kuivunja bila faini?

Swali la saba ni letu hasa. Mtu wa reli leo yuko Karatina, mwaka ujao yuko Voi. Asitie sahihi mkataba wa miaka miwili kwa nyumba ambayo huenda asiikae miezi sita. Na jibu la mdomo si jibu. Liandikwe. Ukiwa na lalamiko, lipeleke kwanza kwa kampuni kwa maandishi na uweke nakala. Wakinyamaza, lipeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano.

MTEJA ASIYEHAMA HANA SAUTI

Mwisho, bei hushuka kwa nini? Haishuki kwa huruma. Mwezi wa Agosti 2010 Mamlaka ilipunguza ada ambayo kampuni hulipana kwa kupokeana simu, kutoka Sh. 4.42 hadi Sh. 2.21 kwa dakika. Zain ikashusha simu hadi Sh. 3/- kwa dakika, na wengine wakalazimika kufuata. Mwaka 2011 mteja akapewa haki ya kuhama kampuni bila kuacha namba yake. Mwezi wa Agosti 2024 Starlink ikatangaza kifurushi cha gigabaiti 50 kwa Sh. 1,300/- kwa mwezi, na mwezi uliofuata ndipo kasi ya faiba ikaongezwa kwa bei ile ile, kama tulivyoeleza.

Mwajiri hutusikiliza kwa sababu anajua tunaweza kuweka vyombo chini. Mwenye kuuza simu naye husikiliza akijua tunaweza kuondoka. Anayelipa kila siku bila kuuliza amekwisha kumwambia kwamba hataondoka kamwe.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja, nalo si gumu. Kila mwanachama aandike matumizi ya nyumba yake kwa siku 30: salio, bando, mkopo wa salio, televisheni, na yale yaliyotumika kwa kazi yaandikwe kando. Alete karatasi katika mkutano wa tawi. Walio na maboma karibu karibu, Kangari, Maragua, Karatina, Kiganjo, wakae pamoja waone nani anaweza kununua na nani. Yaliyotumika kwa kazi wajumbe watayachukua na kuyapeleka mahali pake.

Usione haya kuleta karatasi yenye tarakimu kubwa. Aone haya anayelipa asichokijua.

Umoja katika kudai, na umoja katika kununua.